Thamostati Iliyo Katika Kopo la Vifungo

"Gari la mlimani halihitaji thamostati. Huku baridi ipo ya kutosha. Itoe, itupe, acha maji yapite."

Mwanangu Naomi, maneno hayo utayasikia kuanzia hapa Lushoto mpaka Muheza. Utaambiwa na mtu aliyeegemea boneti, kashika spana kama mchungaji kashika Biblia, na kila aliyesimama pembeni ataitikia kwa kichwa. Niruhusu nianze kwa kuyavunja, maana unanijua. Mama yako hawezi kuandika hata orodha ya vitu vya sokoni bila kubishana na mtu.

Thamostati ni kidude cha shaba kinachoenea kiganjani. Kinakaa pale mpira wa juu wa rejeta unapoingia kwenye injini. Injini ikiwa baridi, kinafunga mlango, maji yanazunguka humo humo ndani mpaka yapate joto. Injini ikishapata joto, kinafungua, maji yanakwenda kwenye rejeta kupoa. Mpaka hapo kila mtu anajua. Wasichokijua wabishi hawa ni kwamba injini kama hii yetu ina njia mbili za maji. Thamostati yake ina kisahani kingine kwa chini, na mlango wa juu unapofunguka, kisahani hicho kinashuka na kuziba njia ya mkato. Ukiitoa thamostati, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Maji ya moto yanageuza na kurudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Kwa hiyo asubuhi kule Shume injini inatetemeka kwa baridi, inakohoa moshi mweupe na kula dizeli bure, na mchana kwenye mwinuko wa Soni inachemka. Ugonjwa ulikuwa mmoja, wa kufikirika. Umeupa tiba, sasa unayo magonjwa mawili ya kweli.

Basi, nimemvunja mpinzani wangu. Sasa nikutajie jina lake. Aliyesema maneno yale, kwa sauti kubwa, mbele ya mafundi na madereva, akicheka, ni mimi mama yako.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, karatasi juu ya usukani. Ni mchana, ingawa kwa ukungu huu huwezi kujua. Wewe umepanda Shume kumuaga bibi yako, utarudi na gunia la viazi ambalo hukuliomba. Injini nimeiwasha nikaiacha ingurume. Ukungu umekuja mpaka kwenye kioo cha mbele, umekaa hapo. Nyumba siioni, choo sikioni, njia uliyopita siioni. Kuna sauti tu ya injini na kile kitetemeko kinachopanda kutoka kwenye kiti mpaka mgongoni, nami najiona kama gari hili linakwenda, linakwenda bila barabara, na wewe upo kando yangu una miaka kumi, umelala na mdomo wazi.

Sitakuandikia habari za kula wala kulala, wala kanisa utakalosali. Una miaka ishirini na miwili, na ulijua kumwaga oili kabla hujajua kusuka nywele. Wakulima wa Zirai hawakukuita kwa sababu una koti zuri. Wamekuita uwabebee iliki na mdalasini wao kwa sababu wamesikia kuna binti mwenye pikapu kuukuu ambayo haimlazi njiani. Kesho utaondoka nayo, na hilo tumeshalikubali.

Nakuandikia kwa sababu ya swali lako la wiki iliyopita. Ulikuwa unafunga gunia la vitunguu nyuma ya gari, hukuniangalia.

"Mama, kule likiharibika nimpelekee nani?"

"Unipigie simu mimi."

"Simu haifungi gasketi, mama." Ukavuta kamba. "Fundi wa kule ni Mzee Hoza. Watu wa kikundi cha wakulima wameniambia. Nikimkuta nimwambie nini?"

Nikakujibu kwamba kamba umeifunga kama mtu anayefunga mbuzi. Tukagombana kuhusu kamba mpaka jioni, na nikashinda. Barua hii ndiyo jibu nililopaswa kukupa kabla ya ile kamba.

Unaikumbuka gereji yake ya hapa Lushoto? Banda la mabati nyuma ya soko, sakafu nyeusi kwa oili ya miaka. Alikuwa akifika asubuhi anagonga boneti ya kila gari lililolala pale na kulisalimia kwa Kishambaa, "Onga makeo," kama unavyomwamkia jirani. Wewe ulikuwa unaliitikia kwa niaba ya gari. Kisha anachukua bisibisi ndefu, ncha anaiweka kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho. Gereji nzima inanyamaza. Mimi, ambaye sijawahi kunyamaza kwa mkutano wa kijiji wala kwa mkuu wa wilaya, nilikuwa nanyamaza.

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Kila kitu kibovu alichokitoa kwenye gari lako, alikufungia kwenye gazeti akakupa. "Hiki ni chako. Kakiangalie mwenyewe kimekufa kwa ugonjwa gani." Ndiyo maana rafu yetu ya jikoni, pale ambapo wenzetu wanaweka sahani za wageni, tuliweka maiti za pikapu. Nozeli iliyokuwa inadondosha badala ya kupuliza, ndiyo iliyotutolea moshi mweusi mwaka mzima. Plagi za kupashia injini, nne, ncha zimeungua, ndizo zilizotufanya tusukume gari kila asubuhi ya Julai. Mkanda wa taimingi uliopoteza meno matatu. Huo Mzee Hoza alinikabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Huu, mama, ungekatika, injini ingejipiga ngumi yenyewe mpaka ife." Filta ya dizeli iliyojaa maji na kutu, kutokana na lile pipa nililosifia kwamba ni safi. Uliijua rafu ile kuliko alfabeti. Wageni walipokuja ulikuwa unawatembeza: "Huyu alikufa kwa maji. Huyu alikufa kwa uzee. Huyu aliuawa na mama."

Huyo wa mwisho ilikuwa wota pampu. Nilikaza mkanda wake kupita kiasi. Tulicheka sana kwa hilo. Ningependa uliloliona baadaye lingekuwa la kucheka pia.

Mwaka ule ulipokuwa na miaka kumi, Mzee Hoza alitufungia gasketi mpya ya silinda hedi, ile inayokaa kati ya injini na kifuniko chake ili maji yasikutane na oili. Alifanya kazi siku tatu, bolti zote amezipanga juu ya gunia kwa mfuatano wa kutoka kwake. Alipomaliza aliniambia mambo mawili. Nirudi baada ya wiki, injini ikiwa baridi, azikaze tena bolti za hedi. Na thamostati, ambayo nayo ilikuwa mpya, nisiiguse.

Nilibishana naye nusu siku. Nilikuwa nimetoka Mombo, ambako madereva wote wa malori walikuwa wanasema thamostati ni kitu cha nchi za theluji. Na nilikuwa nimesoma. Nimesoma vitabu vingi kuliko wanaume wengi wa mlima huu, na wakati ule hilo lilikuwa linanitia kiburi kuliko lilivyonitia akili. Nikamwambia huku kwetu injini inapoa yenyewe. Nikamwambia kidude kinachozuia maji hakiwezi kuwa rafiki wa injini inayochemka. Nilizungumza vizuri, Naomi. Watu walisogea kunisikiliza.

"Ni kweli umesoma, mama," alisema. "Ila injini nayo hujaisoma bado. Isome hata ukurasa mmoja."

Watu walicheka, na safari hiyo nilichekwa mimi. Hapo ndipo gari lilipoharibika, kama unataka kujua ukweli. Mengine yote yalikuwa kungoja siku.

Jumamosi nikafungua boneti hapa hapa uani. Bolti mbili tu, kazi ya dakika kumi. Wewe ulizishika bolti kwenye kiganja, na ile gasketi ndogo ya karatasi uliishika kwa midomo kama uzi. Nikaitoa thamostati, nikarudishia mfuniko mtupu, nikakupa kile kidude ukakichezea, ukasema kinafanana na king'ora. Jioni ukakiweka kwenye kopo la vifungo vya nguo. Hukukiweka kwenye rafu. Nilikuuliza kwa nini, ukanijibu, "Huyu hajafa, mama."

Alhamisi iliyofuata tulipandisha mbolea kutoka Mombo. Unakumbuka joto la siku ile, lami ilikuwa inang'aa kama maji, na sisi tunapanda polepole, gea ya pili, magunia yamejaa mpaka juu. Karibu na Soni mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikauona, nikauambia mshale ule kwamba una makosa. Ndiyo, nilibishana na mshale. Nikapita kona tatu nikibishana nao. Mvuke ulipotoka nikasimama, nikafungua mfuniko wa rejeta kwa kanga, nikashuka mtoni, nikaja na dumu la maji ya baridi kabisa, nikayamimina yote kwa mara moja. Na injini ikatoa sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa nyembamba, kama bilauri inapopasuka chumba cha pili.

Nilichomoa kijiti cha oili. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia humo. Nilijua pale pale, nimesimama barabarani, nani kafanya nini. Sitaki uwahi kufikiri kwamba sikujua.

Jumapili tulikwenda kanisani kwa miguu. Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka, kama kawaida, watu wameketi kwenye nyasi, mzee wa kanisa ameinua jogoo juu ya kichwa. "Jogoo huyu anawika kwa Kijerumani! Nani anaongeza?" Watu wanacheka, kila mtu ana furaha. Mzee Hoza akatusogelea amevaa koti lake la Jumapili. Ni mkubwa kwangu kwa miaka zaidi ya ishirini. Sikumpa shikamoo. Wewe ulimpa.

"Marahaba, mwanangu. Mama Naomi, habari za gari?"

"Habari za gari unaniuliza mimi? Jiulize wewe uliyelifunga!" Nikapaza sauti. Unaijua ile sauti. "Jamani, nisikilizeni! Huyu hapa kanifungia gasketi ya karatasi ya daftari. Nimepandisha mbolea za watu, hedi imepasuka kama chungu. Na mafundi wa namna hii tunakaa nao kanisani, tunawaita wazee!"

"Mama Naomi," akasema yule mwenye jogoo, "na hiyo hedi tuipige mnada?"

Kicheko. Mzee Hoza akapangusa mikono kwenye lile koti safi, kwa mazoea tu, mikono haikuwa na kitu. Akangoja watu wamalize.

"Nikuulize neno moja tu, mama. Thamostati umeiweka wapi?"

Alikuwa amekwisha jua. Hakuliona gari, hakufungua boneti, lakini alijua. Na angeweza kulisema kwa sauti, akaliacha swali likae kati yetu wawili, ili nilijibu kwa heshima yangu. Mimi nikawageukia watu.

"Mmemsikia? Hedi imepasuka, yeye anatafuta kizibo! Mghoshi, mwanamume mzima, mtu akija hospitali mguu umevunjika, daktari anamuuliza kofia yake iko wapi?"

Lo, walivyocheka. Mpaka jogoo akapiga mabawa. Katika maisha yangu yote ya kubishana sijawahi kupiga pigo lililopendeza namna ile. Na katikati ya kile kicheko nikakuangalia, ulikuwa umeshika pindo la kitenge changu. Uliniangalia mimi. Ukamwangalia yeye. Kisha ukaangalia viatu vyako.

Mzee Hoza alingoja kidogo. Naamini alikuwa anakungoja wewe, maana aliona macho yako. Halafu akasema, "Haya," akavaa kofia, akaondoka.

Njiani kurudi nyumbani uliniambia, kwa sauti ndogo, "Mama, si iko kwenye kopo?"

Nami nikakujibu, "Mambo ya watu wazima usiyaingilie."

Hukuyaingilia tena, Naomi. Miaka kumi na miwili. Watu wananisifu sokoni, Mama Naomi binti yako ana adabu, hajibu, mpole, sijui kamrithi nani. Nasema ahsante. Lakini najua ile siyo adabu. Najua siku iliyoanza na mahali ilipoanza, na najua rangi ya viatu ulivyokuwa umevaa.

Wateja wake walipungua mmoja mmoja. Hakuna aliyemfukuza. Injini ya mtu ikigonga, mtu anasema, "Ngoja nijaribu kwa mwingine, yule mzee si mlisikia." Kabla ya masika alifunga banda akahamia Zirai, kwenye shamba la iliki la kwao mkewe. Gari lililobeba vitu vyake lilipita mbele ya nyumba yetu. Nilikuwa natandaza maharage uani. Niliendelea kutandaza maharage.

Sasa nitakuambia kitu kigumu kuliko vyote, kwa sababu ni kitamu. Hedi nyingine tuliipata Mombo, iliyotumika, ikafungwa na fundi mwingine. Thamostati sikuirudisha. Ningeirudishaje? Kuirudisha kungekuwa kumjibu Mzee Hoza. Kwa hiyo kwa miaka yote hii gari limekuwa likichemka kila likipanda na mzigo, na sisi tumekuwa tukisimama kwenye ile kona juu ya Soni, lipoe. Unaijua kona yetu. Tuliweka jiwe nyuma ya gurudumu, tukakaa ukingoni na kula peasi, na tambarare ya Mombo iko chini kabisa, ya rangi ya asali, na mabasi ya Moshi yanapita kama wadudu wasio na haraka. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, unapita katikati yetu, mimi naupoteza uso wako, kisha unarudi. Pale ndipo uliponiambia umepata hedhi. Pale ndipo uliponiuliza baba yako alikuwa mtu wa namna gani, nikakuambia vizuri, bila ugomvi, kwa sababu gari lilikuwa limechemka na hatukuwa na pa kwenda. Nikiota ndoto, naota kona ile. Injini inalia tik, tik, ikipoa, na wewe unamenya peasi kwa meno.

Saa zile zote zilitokana na uongo wangu. Tungekuwa na thamostati tungepita pale bila kugeuza shingo. Nimejaribu kuzichukia saa zile nimeshindwa, na nimejaribu kuusamehe uongo kwa ajili yake, hilo nalo nimeshindwa. Nakukabidhi vyote viwili. Huenda wewe ukajua namna ya kuvibeba.

Jumanne, ulipokwenda gulioni Soni, nilifungua kopo la vifungo. Bado ipo. Imefifia rangi, imeshikwa na uzi mwekundu. Nikaweka sufuria ya maji jikoni, nikaifunga thamostati kwa uzi, nikaining'iniza ndani isiguse chini. Hivyo ndivyo Mzee Hoza alivyokuwa anazipima, na hivyo ndivyo na wewe utakavyopima yoyote utakayouziwa, hata iwe kwenye boksi linalong'aa kama la pete ya ndoa. Nilisimama juu ya ile sufuria, mvuke usoni. Nakiri mbele yako nilichokuwa nakitaka. Nilikuwa nataka isifunguke. Nilitaka iwe mbovu tangu mwanzo, ili niwe na haki hata robo.

Maji yalipoanza kutoa mvuke, kabla hayajachemka, ilifunguka. Taratibu, bila kelele, kwa upana wa ukucha, kama mtu anayefumbua macho asubuhi asiyejua kwamba amelala miaka. Nikaitoa, ikapoa, ikafunga. Nikairudisha majini. Ikafunguka. Niliichemsha mara tatu, kama wakili anayemrudisha shahidi kizimbani akitumaini atajichanganya. Haikujichanganya.

Kwa hiyo hili ndilo gari unaloondoka nalo, na usikubali mtu yeyote akuambie ni vyuma chakavu. Hao wanaosema hivyo wananunua magari wasiyoweza kuyafungua, taa ikiwaka kwenye dashibodi wanapiga magoti. Hili lako linafunguka lote kwa spana unazoweza kuzibeba kwenye mkoba. Lakini lina madonda, na madonda yake mengi ni yangu. Ringi za pistoni zimelika kwa sababu limeendeshwa likiwa baridi asubuhi elfu, ndiyo maana linatoa moshi wa bluu kidogo ukikanyaga mafuta. Ni oili hiyo inaungua, usidanganywe ni nozeli. Moshi mweupe unaokwisha baada ya dakika chache ni baridi tu. Ukiona mweupe usiokwisha, na rejeta inapungua maji bila kuvuja, simama, zima, wala usimalize kona. Hedi ile ya Mombo ilishachongwa kabla haijatufikia, haivumilii kuchemka mara nyingine nyingi. Na ukienda kununua spea yoyote, nenda na kile kibovu mkononi, uvipime viwili kwa uzito na kwa jicho. Usinunue kwa jina la mdomo. Mshale ukipanda, uamini. Mimi niliubishia.

Likiwa tupu halijawahi kuchemka, kwa hiyo kesho litakufikisha. Nimelipima maji na oili kabla sijakaa kuandika. Thamostati ningeweza kuirudisha mwenyewe leo, hapa uani, bolti mbili, dakika kumi. Nimekaa na spana mkononi nikaiweka chini. Hiyo kazi siyo yangu, ina mwenyewe. Nimeifunga thamostati kwenye gazeti, kama alivyokuwa akifunga yeye, nikairudisha kwenye kopo, na kopo lipo chini ya kiti chako, pamoja na gasketi mpya ya karatasi. Bolti ni zile zile ulizozishika.

Umesikia injini? Imebadilika sauti kidogo, sasa imepata joto, au ni masikio yangu. Ukungu unaanza kuondoka. Naiona kona ya nyumba, naona kamba ya nguo, na mbali huko kuna mtu anateremka na gunia kichwani ambaye huenda ni wewe. Nimalize.

Niliyoyasema niliyasema hadharani, na jibu haliwezi kutolewa kwa kunong'ona. Kwa hiyo, Naomi, ukifika Zirai usiteremshe begi. Watu wa kikundi watakuja kulipokea gari. Waombe waende nawe mpaka kwa Mzee Hoza, wote, hata wenye haraka, usimame uani kwake na uisome barua hii kwa sauti tangu mstari wa kwanza. Usiruke mahali ninapoonekana mbaya. Ile habari ya hedhi iruke.

Nanyi wakulima wa Zirai mliosimama hapo mkisikiliza: mmewahi kuambiwa kwamba fundi huyu aliharibu gari la mwanamke mmoja wa Lushoto. Mwanamke huyo ni mimi, na si yeye aliyeliharibu. Atakayelirudia neno lile baada ya leo, mkatizeni, hata mbele ya watu, hata kama anachekesha.

Mzee Hoza, shikamoo. Imechelewa miaka kumi na miwili. Sikuombi unisamehe, na usiliseme neno hilo kwa upole wako mbele ya watu, utanipa nafuu nisiyoistahili. Nakuomba kazi. Fungua boneti. Chukua bisibisi yako, isikilize injini, uwaambie wote hapo unachokisikia. Kisha mgeukie binti yangu, umuulize swali lile lile uliloniuliza mimi siku ya jogoo.

Naomi, inua macho kutoka kwenye viatu. Mjibu.